Saa za Kwanza za Mwanakondoo

Katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kapchorwa, wafugaji wa kondoo huniuliza sana juu ya mama anayemkataa mtoto wake. Wapo wanaosema kondoo huyo ana roho mbaya. Mimi huanza kwa kuuliza ni nani aliyemgusa mtoto kabla mama yake hajamaliza kumlamba.

Kondoo hubeba mimba miezi mitano hivi, na muda wote huo maji ya uzazi humchukiza akiyanusa. Siku ya kuzaa mambo hugeuka. Kutanuka kwa njia ya uzazi mtoto anapopita huamsha ubongoni homoni ya oksitosini, na yale maji yaliyomchukiza sasa humvuta. Humlamba mtoto huku akitoa mlio mzito wa chini kwa chini, mdomo umefumbwa. Kulamba huko humkausha mtoto na kumchangamsha, lakini pia ndiko kunakomfundisha mama harufu ya mtoto wake, na mlango wa somo hilo huwa wazi kwa saa chache tu. Akishaijua harufu hiyo, mtoto mwingine yeyote anayesogelea kiwele hupigwa kichwa.

Nililijua hilo darasani, nikalisahau malishoni. Asubuhi moja ya manyunyu, nikiwa bado mgeni kazini, nilimkuta mwanakondoo aliyezaliwa punde akitetemeka kwenye nyasi. Nilimfuta kwa gunia hadi akakauka kabisa, nikamshauri mama mwenye boma ampeleke jikoni karibu na moto. Tulipomrudisha mchana, kondoo alimnusa chini ya mkia, mahali ambapo kondoo huhakikisha mtoto ni wake, akarudi nyuma hatua mbili, kisha akampiga kumbo. "Daktari, hamtaki," mama akasema, nami sikuwa na jibu. Yule alikuzwa kwa chupa.

Baridi, hata hivyo, ni adui wa kweli. Mwanakondoo huzaliwa na akiba ndogo ya mafuta ya kahawia, ambayo huyachoma ili kupata joto, na yakiisha kabla hajanyonya, mwili hupoa. Mwenye afya husimama ndani ya nusu saa hivi, akapapasa kwa pua ubavuni mwa mama, akakosea mara kadhaa, mara nyingine akanyonya goti, hadi aifikie chuchu. Mkia ukianza kutikisika, ujue maziwa yanashuka. Dang'a hiyo, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, haina mbadala, kwa sababu kondo la nyuma la kondoo halipitishi kinga kutoka kwa mama, na utumbo wa mtoto hupokea kinga hiyo vizuri katika saa za mwanzo, kisha hufunga kufikia saa 24. Kwa hiyo saa mbili zikipita bila kunyonya, mtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi, mkamue mama na umnyweshe mtoto mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake, mkiwa palepale mbele ya mama. Kama upepo ni mkali, wakingeni wote wawili kwa turubai. Mapacha ndio wa kuangaliwa zaidi, maana mama akiondoka mapema na mmoja, wa pili husahaulika.

Baada ya hapo ukuaji ni suala la maziwa. Lita tano hivi huzaa kilo moja ya uzito, na maziwa ya mama hufikia kilele katika wiki ya tatu au ya nne. Wakati huo mtoto ameshaanza kudonoa majani, ingawa tumbo lake la kwanza bado ni dogo na maziwa hulipita moja kwa moja hadi tumbo la nne. Kucheua kwa dhati huja taratibu.

Mizani ni chombo kizuri, lakini kabla ya kuitoa mimi humwamsha mwanakondoo aliyelala. Aliyeshiba huinuka akajinyoosha mgongo mzima, na mwenye njaa husimama amejikunyata.