Je, wajua kwa nini timu ya watu wa mataifa mengi hubuni makubwa, au hukwama kabisa?

Ingia mgahawa wowote karibu na Jengo la Mikutano la Kimataifa, AICC, jijini Arusha, saa nne asubuhi, usikilize watu wanavyoagiza. Mtanzania atasema, "Dada, naomba chai ya maziwa na chapati mbili." Mkenya aliyekuja kwenye kikao cha Jumuiya ya Afrika Mashariki atasema, "Nipe chai." Mhudumu atanuna kidogo. Mkenya hakukusudia kumdharau mtu. Kwao ndivyo chai inavyoagizwa, na hilo "naomba" letu kwake lina harufu ya ombaomba. Kiswahili ni kilekile, na tayari watu wawili wameshasomana vibaya kabla sukari haijafika mezani.

Waongeze hapo Mrundi, Mjerumani na Mkorea, kisha uwape kazi ya kubuni kitu kipya. Itakuwaje?

Mwaka 2010 Günter Stahl na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 108 zilizogusa timu zaidi ya 10,000. Waliona mambo mawili kwa pamoja: timu za tamaduni mchanganyiko zilibishana zaidi na kushikamana kidogo, lakini pia zilikuwa na ubunifu zaidi. Sababu ya ubunifu haina fumbo. Jambo ambalo kwa mmoja ni la kawaida tangu utotoni, kwa mwenzake ni jipya, na vitu vipya huzaliwa pale mambo yasiyozoeana yanapokutanishwa. Kinachokwamisha ni kwamba wazo zuri haliwafikii wenzako mpaka lisemwe, na likishasemwa, lisikike vile lilivyokusudiwa. Tunajua wenyewe: bosi mgeni akiuliza kama mpango unafaa, tukijibu "tutaangalia", sisi tumekataa. Yeye ameandika kwenye daftari kwamba tumekubali.

Uwezo wa kuvuka pengo hilo ndio ambao Christopher Earley na Soon Ang waliuandikia kitabu mwaka 2003. Hapa nitauita weledi wa tamaduni. Watafiti huugawa sehemu nne: kuzijua tamaduni za wengine, kuwa na hamu ya kuishi nao, kuweza kubadili mwenendo wako, na kuichunga fikra yako mwenyewe wakati mnazungumza. Watu wengi huishia kwenye ile ya kwanza. Wanakariri kwamba Wamasai hufanya hivi na Wazungu vile, wakadhani kazi imekwisha. Mimi naona ile ya nne ndiyo yenye uzito: kujishika mkono na kujiuliza, "Hivi nilivyomwelewa, ndivyo alivyokusudia?"

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoufahamu ulitokea hapahapa Arusha, ndani ya jengo hilohilo la AICC. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa mji huu hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Januari 1997 ilianza kumsikiliza Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa eneo la Taba. Majaji walikuwa watatu: Laïty Kama wa Senegali, Lennart Aspegren wa Uswidi na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Mashahidi walisema Kinyarwanda, na maneno yao yalifasiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza.

Jaji aliyelelewa kwenye sheria za Ulaya, akisikia shahidi anajibu kwa kuzungukazunguka, anashindwa kutaja tarehe au umbali, tena anachanganya alichokiona na alichosimuliwa, ni rahisi aamue kwamba huyu anadanganya. Mahakama ilimwita mtaalamu wa isimu kutoka Rwanda, Mathias Ruzindana, awaeleze. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 inakiri kwamba Wanyarwanda hawajibu moja kwa moja kila mara, hasa swali likiwa zito, na kwamba katika jamii ya masimulizi ya mdomo, cha kusikia na cha kuona husemwa kwa namna moja. Kwa hiyo majaji walihakikisha mashahidi wanaulizwa wazi lipi waliona na lipi waliambiwa, nao walipoulizwa walitofautisha vizuri. Majaji hawakumhesabia shahidi kosa kwa sababu tu ya kusitasita kwake.

Kisha yakaja maneno ya ubakaji. Mashahidi walitumia *kuryamana*, ambalo hata sisi tunalisikia kama kulala pamoja, na *gufata ku ngufu*, kukamata kwa nguvu, na mengine mawili. Ilibidi kila neno litazamwe ndani ya simulizi lake. Nikifikiria wale akina mama wakilitafuta neno mbele ya wageni waliovaa majoho, moyo unaniuma. Wakati huo sheria ya kimataifa haikuwa na fasili ya ubakaji iliyokubalika na wote. Majaji hao watatu wakaiandika yao, iliyojengwa juu ya uvamizi wa mwili na mazingira ya kulazimishwa, wakakataa kuorodhesha viungo na vitendo. Wakaamua pia kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kusema hivyo kabla yao. Walianza kwa kusikiliza vizuri, na ndipo walipoweza kubuni.

Je, weledi huo peke yake unatosha? Roy Chua, Michael Morris na Shira Mor walichapisha majaribio yao mwaka 2012. Katika mojawapo, watu wa tamaduni tofauti waliwekwa wawiliwawili wabuni mapishi mapya ya kuku. Wengine walipewa muda wa kuzungumza mambo yao binafsi kwanza, wengine wakaingizwa kazini moja kwa moja. Wale wenye weledi walibuni vizuri zaidi pale walipokuwa wamezungumza kwanza. Bila mazungumzo, weledi wao haukuleta tofauti. Kumbe kinachofungua mlango ni kuaminiana kwa moyo.

Hapo ndipo salamu zetu ndefu, habari za nyumbani, watoto, mvua za huko, zinapoonekana kuwa sehemu ya kazi. Tuna hata chombo kikali zaidi, utani. Kule Moshi, Mpare atamwambia Mchaga kwamba wazo lake limenuka pesa, naye atajibiwa kwamba Mpare anatafuta tu kesi ya kwenda nayo mahakamani. Wanacheka, na katikati ya kicheko wazo bovu limeshakosolewa bila mtu kuumia. Mgeni asiyejua utani huo husikia matusi, naye hunyamaza wiki nzima na mawazo yake mazuri kichwani. Anapaswa kuelezwa mapema, siku ile ya kwanza, kabla ya chai ya saa nne.