Ule mmea wa mkia wa farasi haumwagiliwi kila siku jamani

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, eti ule mmea wa sebuleni wenye majani ya kuning'inia kama mkia wa farasi ni jamii ya mnazi so umwagilie kila siku. Sio kweli. Asili yake ni Meksiko kwenye ukame, sio mnazi kabisa, umbo ndo linachanganya watu, na kile kitako kinene kama kitunguu ndo tenki lake la maji. Hapa Mbeya baridi ya mwezi wa sita na wa saba udongo unachelewa sana kukauka, ukizidisha maji mizizi inaoza. Chomeka kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu acha kwanza. Halafu bonyeza kitako, kikiwa kigumu poa, kikibonyea kama parachichi lililoiva ujue kinaoza. Tafadhali msiifowadi tena, na aliyekutumia mwambie taratibu tu.