Msinitajie tena silikanti

Nimeandikiwa tena wiki hii, na safari hii na mtu msomi kabisa: "Wewe unamkataa mngwa, mbona hata silikanti walisema hayupo, na leo anavuliwa hapo Kigombe?" Kila anayefuatilia viumbe vya kusimuliwa katika mwambao huu wa Tanga ameshapigwa kwa fimbo hiyo. Mngwa, yaani paka mkubwa wa kusimuliwa; nyoka mwenye upanga kichwani, anayewika kama jogoo; majitu ya mapango ya Amboni: wote wakili wao ni samaki mmoja, silikanti.

Basi tumwangalie huyo samaki. Desemba 1938 meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen ilimtoa majini karibu na mdomo wa mto Chalumna, Afrika Kusini. Rangi buluu, urefu kama mita moja na nusu. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji wa East London, hukohuko Afrika Kusini, alimwona ndani ya lundo la samaki, akamchora, akampelekea mchoro J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki. Smith alimtambua kwa sababu ukoo wake ulijulikana tangu karne ya 19, kwenye mawe yenye mabaki ya viumbe vya kale. Kilichoaminiwa ni kwamba ukoo huo ulitoweka pamoja na dainosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita.

Hapo ndipo ninapoomba watu watulie wasome taratibu. Wanasayansi hawakuwa wamebishana na wavuvi kuhusu silikanti. Hapakuwa na uvumi waliokuwa wakiupuuza, wala shahidi waliyemwita mwongo. Mwili ulikuja kwanza, maneno yakafuata. Na Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimnasa kwa mshipi, hakuwa kioja: walimwita gombessa, nyama yake ya mafuta mengi haikuwa na thamani kubwa, maisha yakaendelea. Smith aligawa vikaratasi vyenye picha na ahadi ya pauni 100, na mwaka 1952 wa pili akapatikana hukohuko Komoro, kisiwani Anjouan.

Baada ya hapo walizidi kupatikana. Mwaka 1987 Hans Fricke na wenzake wakampiga picha akiwa hai kwenye makazi yake, kwa nyambizi ndogo. Kuanzia 2003 jarife za papa zinazotegwa kwenye maji ya kina zikaanza kumleta hapa Tanzania, na Tanga ikawaleta wengi hata mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mnyama wa kweli huenda hivyo. Mmoja akishapatikana, wanaofuata hujibu maswali: anakula nini, anazaaje, anakaa kina gani.

Sasa mngwa. Paka mkubwa wa kijivu mwenye mabaka, si simba, si chui, anaua watu usiku. Masimulizi ya nunda mla watu, jina jingine la mngwa, ni ya kale kuliko ukoloni. William Hichens, afisa wa Kiingereza, aliandika juu ya mauaji ya Lindi ya mwaka 1922 na manyoya ya kijivu yaliyokutwa mkononi mwa marehemu. Tangu hapo, zaidi ya miaka 100, masimulizi yameongezeka na ushahidi umebaki palepale. Hakuna fuvu, hakuna ngozi, hakuna kinyesi kilichopimwa. Na huyu hakai chini ya bahari. Anadaiwa kukaa kati ya mashamba ya mkonge, zizi la mbuzi na njia ya bodaboda. Paka wa ukubwa huo lazima ale kila wiki, na mabaki ya mlo wake yaonekane.

Picha nyingi za nyayo ninazoletewa ni za fisi, maana kucha zinaonekana, na paka akitembea hukunja kucha zake. Nyingine ni za mbwa. Chache ni za chui, na chui ni habari nzito ya kutosha bila kumpa jina jingine.

Popobawa, zimwi linalosemwa huvamia watu usiku, sitamgusa leo. Hofu ya mwaka 1995 kule Pemba na Unguja inahusu usingizi, jinamizi na siasa ya wakati ule, na haichunguzwi kwa kupima nyayo.

Kama mnataka mfano wa kunibana, chukueni kipunji. Wawindaji wa mlima Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, walikuwa wakimtaja nyani mwenye haya, anayekaa juu kabisa ya miti. Watafiti walipouliza, haikuwa wazi kama ni mnyama au ni hadithi. Mwaka 2003 akaonekana, 2005 akatangazwa rasmi, na mwaka huohuo mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima, mwili ukapatikana. Hapo uvumi ulitangulia, na uvumi ukawa kweli. Mfano huu unanisumbua kwa dhati, kwa sababu sheria yangu ya kudai mwili ingemkataa kipunji mwaka 2002. Najua tofauti ninazoweza kutaja: wawindaji walimwelezea kwa namna moja, hawakumpa uchawi, na msitu waliouonyesha ulikuwa haujachunguzwa vizuri. Lakini ni baada ya miaka mingapi ya kukosa mwili ndipo faili lifungwe? Kumi? Hamsini? Silikanti wa kwanza na wa pili walitenganishwa na miaka 14, na mwili mmoja ulikuwa tayari mezani. Kwa mngwa nimefunga faili, ila manyoya yale ya Lindi yangekuwepo leo ningelifungua asubuhi hiihii.

Kwa hiyo mkikuta alama, wekeni rula au kiatu kandoni, pigeni picha kutoka juu kabisa, mchana au kwa tochi ya pembeni, na mfuate mstari wa nyayo zote, si moja iliyo nzuri. Manyoya yawekeni kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, maana unyevu huyaharibu. Andikeni mahali na saa kabla hamjamsimulia mtu yeyote, kisha mniletee.