Walioitupa miguu mapema

Nikiwaonyesha wanafunzi picha ya mifupa ya Phlegethontia, mnyama wa kale aliyekwisha kutoweka, jibu huwa moja: "Nyoka!" Siwalaumu. Fuvu dogo jembamba, mwili kama kamba, pingili za uti wa mgongo zaidi ya 200, na mguu hata wa dawa hakuna. Lakini visukuku vyake vinatoka kwenye miamba ya zama za makaa ya mawe kule Illinois na Ohio, Marekani, na vina miaka milioni 300 na ushei. Nyoka walikuja baadaye sana, baada ya miaka zaidi ya milioni 100.

Kundi lake tunaliita aistopodi. Kwa Kigiriki ni kama kusema "miguu haionekani".

Anayeninyima usingizi ni ndugu yake mkongwe, Lethiscus stocki, aliyefukuliwa Wardie, Edinburgh, huko Uskoti. Aliishi miaka milioni 340 hivi iliyopita. Sasa piga hesabu. Acanthostega wa Greenland, mmoja wa wanyama wa mwanzo tuwajuao kuwa na miguu yenye vidole, ni wa miaka milioni 365 hivi. Milioni 25 kwetu wanajiolojia ni juzi tu. Miguu ndiyo kwanza imepatikana, na tayari kuna ukoo ulioitupa!

Kwa muda mrefu tuliwapanga aistopodi jirani na amfibia wa leo (vyura na ndugu zao), kwa kuwa kila pingili yao ni kipande kimoja, tofauti na wanyama wengi wa kale. Mwaka 2017 mtaalamu wa visukuku Jason Pardo na wenzake walichapisha skani za CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ndani, za fuvu la Lethiscus. Ndani, mfupa unaozunguka ubongo ulikuwa wa kizamani mno, wa kisamakisamaki. Wakamshusha hadi karibu na shina la ukoo mzima wa wenye miguu minne, kwa hiyo hata hilo jina "amfibia" tunampa kwa mazoea. Wapo wataalamu wanaopinga. Mimi lile fuvu limenishawishi.

Tafadhali msimchanganye na Boulengerula, kiumbe wa leo asiye na miguu wa milima ya Taita na Usambara. Huyo ni amfibia kweli, ndugu wa vyura, na miguu aliipoteza kivyake. Watoto wa yule wa Taita hula ngozi ya mama yao, naye huiotesha upya. Mkulima akimfukua kwa jembe, hudhani ni mnyoo.