Bouvet, kisiwa kisicho na pa kushukia

Wanafunzi wangu wakiiona ramani ya Bouvet kwa mara ya kwanza huniuliza bandari iko wapi. Haipo. Kisiwa hiki cha Norwei kina kilomita za mraba 49 tu, kiko peke yake Atlantiki Kusini, kiasi cha kilomita 2,500 kutoka ncha ya Afrika. Asilimia 93 ya ardhi yake iko chini ya barafu.

Mimi husoma maumbo ya nchi kwa picha za satelaiti, na Bouvet hunichosha: siku nyingi huambulia wingu jeupe tu. Siku mbingu zikifunguka, volkano iliyokiunda kisiwa inaonekana waziwazi. Kati yake kuna kaldera, yaani shimo kubwa linalobaki kilele cha volkano kikiporomoka, ya upana wa takriban kilomita tatu na nusu. Aliyeiona Ngorongoro aifikirie hiyo, aipunguze sana, kisha aijaze barafu. Barafu hiyo huteremka taratibu hadi pwani ya mashariki, inakokatika kama ukuta juu ya maji. Magharibi ni magenge ya mamia ya mita, yaliyochongwa na mawimbi yanayosukumwa na pepo za magharibi.

Kinachowashangaza wengi ni latitudo: digrii 54 kusini. Ukiihesabu upande wa kaskazini, unafika Ireland, ng'ombe wanakula majani mabichi. Tofauti inaletwa na bahari. Mkondo baridi unaizunguka Antaktika bila kuzuiwa na bara lolote, na Bouvet imo ndani ya maji hayo ya baridi.

Mfaransa Bouvet de Lozier alikiona tarehe 1 Januari 1739 katikati ya ukungu, akadhani ni rasi ya bara la kusini. Hakuweza kushuka, na mahali alipopaandika palikuwa na makosa. Nahodha Mwingereza James Cook alikuja kukitafuta baadaye, akakikosa.

Sasa nifike ninapopapenda mimi. Mwaka 1955 meli ya Afrika Kusini, Transvaal, ilikwenda kutafuta mahali pa kujenga kituo cha hali ya hewa, ikakosa uwanja wa kufaa. Tarehe 1 Januari 1958 meli ya Kimarekani Westwind ikapita pale na kukuta kipande cha nchi tambarare kimechomoza chini ya genge la magharibi. Watu walidhani volkano imelipuka. Maelezo yanayokubalika leo ni maporomoko: mawimbi hula genge kwa chini, na mwamba wa juu ukikosa egemeo hushuka wote. Kifusi chake ndicho kikawa ardhi. Wanorwei wanapaita Nyrøysa, yaani kifusi kipya, na sili na pengwini hawakukawia kupahamia.

Watafiti nao walijenga kibanda hapo mwaka 1996. Miaka kumi baadaye kikatoweka, na ni picha za satelaiti zilizoonyesha kwamba hakipo tena. Kituo kingine kilisimamishwa mwaka 2014.

Mitetemeko ya ardhi nayo huko si ajabu: si mbali na hapo hukutana mabamba matatu ya gamba la dunia, la Amerika Kusini, la Antaktika na la Afrika. Nyrøysa yenyewe inaendelea kumegwa na mawimbi yaleyale yaliyoliangusha genge. Nikipata picha isiyo na wingu, huanza kwa kupima ukingo wake.