Farasi mpole naye hupiga teke: dhana potofu na ukweli

Dhana: Usipompanda, uko salama.

Ukweli: Wengi huumia wakiwa wamesimama chini, wanapomsugua, wanapomlisha au wanapomwongoza kwa kamba. Farasi mzima kwa kawaida huwa na kilo 400 hadi 600, na akikukanyaga hasogei kwa kusukumwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na sehemu ndogo mbele ya pua. Anayemjia kimyakimya kutoka nyuma hujibiwa kwa kwato. Msemeshe kwanza, kisha msogelee upande wa bega. Ukilazimika kupita nyuma, ama pita mbali, zaidi ya mita tatu, ama mshike mgongoni upite umembana, maana hapo teke halijapata nguvu. Pabaya ni katikati. Kamba nayo usiizungushe mkononi: akikurupuka utaburutwa, au vidole vitakwenda nayo.

Dhana: Huyu mpole, hana neno.

Ukweli: Farasi ni windo kwa asili yake. Hukimbia kwanza, akatazama baadaye alichokikimbia, na mfuko wa plastiki unaopeperuka unatosha kumshtua. Upole haufuti hilo. Masikio yakilala nyuma na mkia ukichapa huku na huku, mpishe.

Dhana: Kofia ngumu ni ya wanaojifunza.

Ukweli: Courtney King-Dye aliiwakilisha Marekani katika Olimpiki ya 2008. Mwaka 2010 farasi aliyekuwa amempanda alijikwaa, wakaanguka. Hakuvaa kofia, akapasuka fuvu na kupoteza fahamu kwa wiki kadhaa. Umahiri wa mpandaji haumzuii farasi kujikwaa. Ila tusiitwishe kofia mzigo usio wake: mwigizaji Christopher Reeve alikuwa ameivaa alipoanguka mwaka 1995, na bado alivunjika shingo akapooza. Kofia iliyokwisha kugonga chini ibadilishwe, hata kama huoni ufa.

Dhana: Ukiinuka mwenyewe, yamekwisha.

Ukweli: Dalili za jeraha la ubongo zaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kichwa kikizidi kuuma, ukitapika au ukianza kuchanganyikiwa, nenda hospitali. Hata mchubuko mdogo usiudharau, kwa sababu vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha farasi. Osha kidonda kwa maji na sabuni, kisha uulize kama chanjo yako bado inafanya kazi.