Msimu wa korosho ndio msimu wa maombi ya ufadhili: kwa wanachuo na wahadhiri wa Mtwara na Lindi

Ikifika Oktoba, huku kusini kila mtu ana shughuli. Korosho zimeanza kudondoka, magunia yanapelekwa ghala la chama cha msingi cha ushirika, na mwanachuo wa mwaka wa tatu anapigiwa simu arudi Newala au Ruangwa mwisho wa wiki akasaidie kuokota. Miezi hiyo hiyo ndiyo milango ya ufadhili mkubwa wa masomo huwa wazi. Chevening ya Uingereza kwa kawaida huanza kupokea maombi Agosti, ufadhili wa Jumuiya ya Madola huangukia karibu na hapo, na kozi nyingi za Erasmus Mundus za Umoja wa Ulaya hufunga maombi kati ya Novemba na Januari.

Kazi yangu ni ukutubi wa chuo, hapa Mtwara, na wanaotafuta msaada wa maombi hupitia dawatini kwangu. Wengi hufika wamechelewa. "Madam, naomba unisaidie, dirisha la maombi linafungwa leo saa sita usiku." Ninawasaidia, lakini ninajua tayari kwamba ombi hilo litakuwa dhaifu. Kijana huyo hana upungufu wa akili wala wa alama. Upungufu wake ni kwamba mambo ambayo yangemchukua miezi mitano ameyabana ndani ya saa tano.

Nianze na jambo linaloonekana dogo: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, cheti cha kidato cha nne kinasema Said, kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu ambalo halipo kwingine. Katika mikoa yetu hili ni la kawaida kabisa, na mtu huligundua siku anapojaza fomu ya pasipoti. Kusawazisha majina kunahitaji hati ya kiapo, mwanasheria, safari za ofisini na muda wa kusubiri. Pasipoti yenyewe huombwa kwa mtandao wa Uhamiaji na gharama yake ni shilingi 150,000, fedha ambayo familia nyingi huipata baada ya mnada wa kwanza. Kwa hiyo vyeti vipangwe mezani mwaka wa pili, visingoje kuhitimu.

Barua za mapendekezo nazo zina siri moja tu, nayo ni kufahamika. Mhadhiri anayefundisha wanafunzi 200 hawezi kuandika neno la maana juu ya mtu aliyemwona siku ya mtihani peke yake. Nenda ofisini kwake na swali. Omba kumsaidia kukusanya data. Mpelekee kazi yako iliyosahihishwa, umuulize ulikosea wapi. Ukifanya hivyo miaka miwili, barua yake itakuwa na mifano, na wanaochuja maombi hutafuta mifano.

Ila kinachowaangusha zaidi watu wetu ni andiko lenyewe. Nimesoma maandiko mengi ya vijana wa hapa. Wanaandika juu ya mabadiliko ya tabianchi duniani, juu ya utawala bora barani Afrika, juu ya akili mnemba na maendeleo, kwa sentensi ambazo mtu wa Lagos au Lima angeweza kuandika vilevile. Mchujaji anapofika ukurasa wa pili hajui bado mwombaji anatoka wapi. Nasi tunaishi juu ya maswali ambayo watu wa mbali hupanda ndege kuja kuyatafuta.

Chukua korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa kwa pamoja: bei isiyovutia, wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, na ugonjwa wa ubwiriunga uliokausha maua kabla hayajafunga. Waliochimba suala la ubwiriunga ni watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kilomita chache tu kutoka Mtwara mjini, na katika kazi yao ndimo ilimojengeka elimu ya kupulizia salfa na ya miche bora ya kubebesha ambayo wazazi wetu wanaitumia leo. Mwanachuo anaipita barabara ya Naliendele mara kadhaa kwa mwezi na hajawahi kuingia kuuliza kama anaweza kufanya mafunzo kwa vitendo pale.

Na maswali hayajaisha. Kila msimu mabibo, yale matunda yanayoshika korosho, huoza kwa wingi chini ya mikorosho, mengine yanaishia kwenye uraka, pombe ya mabibo. Je, yakaushwe? Yasindikwe juisi? Yalishwe mifugo, na kwa kiasi gani? Mwanafunzi wa biashara ana swali lake katika stakabadhi ghalani, mfumo wa kuweka mzigo ghalani kwa stakabadhi na kusubiri mnada, ulioanza kutumika kwenye korosho hapa Mtwara mwaka 2007: mkulima mdogo huishi vipi kati ya siku ya kupeleka mzigo na siku ya kulipwa? Mwanafunzi wa sheria au uchumi ana gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay na sheria ya ushuru wa huduma kwa halmashauri. Mwanafunzi wa isimu ana Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua, mara nyingi nyumbani kwa bibi yake mwenyewe.

Kwa wanahistoria na wanajiolojia nitaje Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi mjini. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, ipatayo tani 250. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mjusi aliyeunganishwa Berlin kutokana na mifupa hiyo ana kimo cha zaidi ya mita 13. Mwaka 2019 wanasayansi walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyeongoza kikundi cha wenyeji kilichoifukua mifupa yake. Wazee wa vijiji vya jirani wamesimuliwa nini na babu zao juu ya kazi ile? Hilo ni swali la shahada ya uzamili, na linamngoja mtu anayeelewa Kimwera.

Ukipata swali, fuata njia ya barua. Chuo hukupa utambulisho kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kata hadi kijiji. Utafiti unaogusa afya ya watu hupita kwanza kwenye kibali cha maadili. Anayeruka hatua hizi hukusanya data ambayo jarida zuri litaikataa.

Kuna fursa moja ambayo wahitimu wa ualimu na lugha wanaisahau. Mpango wa Fulbright una sehemu ya wasaidizi wa kufundisha lugha, ambayo huwapeleka walimu vijana Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo wakafundishe Kiswahili vyuoni. Kiswahili chetu cha kusini kinatosha kabisa kuwa mtaji. Kwa Chevening kumbuka sharti la uzoefu wa kazi wa miaka miwili, hivyo anayehitimu leo aanze kuhesabu saa zake, zikiwemo za kujitolea.

Kwa wahadhiri wenzangu, mnajua kwamba bila uzamivu mtu hukaa mhadhiri msaidizi hadi anastaafu. Wanawake wa fani za sayansi waangalie OWSD, jumuiya ya wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea yenye makao Trieste, Italia, ambayo imekuwa ikifadhili uzamivu katika nchi nyingine ya kusini mwa dunia. Vyuo vya umma vimekuwa na mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ambao ndani yake mna kusomesha wahadhiri, na ambao ndio chanzo cha kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Lindi. Lakini nitasema wazi: wengi wetu hatuandiki kwa sababu tunaandika peke yetu. Watu watano wakikutana kila Jumatano na kusomeana kurasa tatu tatu, makala inaisha. Mtandao wa AuthorAID umekuwa ukiwaunganisha watafiti na walezi wa uandishi bila malipo, na Research4Life hufungua maelfu ya majarida kwa taasisi iliyojisajili, hivyo muulize mkutubi wako nywila kabla ya kulalamika kwamba makala zinauzwa.

Jihadharini na majarida yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku tatu kwa malipo. Nilimwona mwenzetu akilipa mshahara wa mwezi mzima, na kamati ya upandishaji vyeo haikuihesabu makala ile. Vilevile Chevening, Jumuiya ya Madola na DAAD ya Ujerumani hazitozi ada ya kuomba ufadhili. Mtu akikutaka utume "pesa ya fomu" kwa namba ya simu yake, huyo anakuibia.

Usipochaguliwa, lihifadhi andiko lako. Wapo waliopata mara ya tatu, kwa andiko lile lile lililonolewa. Niletee ukurasa wako wa kwanza mwezi Mei, wakati wa palizi, mikorosho ikiwa haijachanua. Tutausoma pamoja, tutaukata, utaurudisha Juni, na Agosti dirisha litakapofunguliwa utakuwa na cha kupeleka. Alhamisi mchana nipo dawatini, na mlango wa maktaba haumbagui asiye mwanachuo wetu.